Makazi ya mlimani wilayani Same

Makazi ya mlimani wilayani Same ni vijiji na vitongoji vilivyojengwa kwenye miteremko ya Milima ya Pare ya Kusini, katika mkoa wa Kilimanjaro, kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Mji wa Same, makao makuu ya wilaya, uko chini yake kwenye tambarare, kando ya barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha. Baadhi ya vijiji hivyo ni Vudee, Chome, Suji, Mbaga na Mamba. Wenyeji wengi ni Wapare, ambao hujiita Vaasu na huiita lugha yao Chasu.

Hali ya hewa

Msafiri anayepita barabara kuu huona vichaka vya miiba, mashamba ya mkonge na vumbi, akadhani Upare wote ni mkavu. Upepo wenye mvua hutoka Bahari ya Hindi. Hunyeshea upande wa mashariki na sehemu za juu, kisha hufika upande wa magharibi, uliko mji, ukiwa umekauka. Ndiyo maana mjini Same mvua ni haba, hali msitu wa Chome, unaozunguka kilele cha Shengena (takriban m 2,460 juu ya usawa wa bahari), hufunikwa na ukungu mara kwa mara. Huko juu hustawi migomba, kahawa, maharage na tangawizi, na jioni watu huota moto.

Historia

Katika karne ya 19 kukaa mlimani kulikuwa pia suala la usalama, kwa kuwa misafara ya biashara, ikiwemo ya watumwa, pamoja na wavamizi wa mifugo, walipita tambarare. Wamisionari nao walipanda huko: Waadventista walianza kazi Giti mwaka 1903. Mambo yalianza kugeuka reli ya kutoka Tanga ilipopita chini ya milima na kufika Moshi mwaka 1911. Same ikawa stesheni, baadaye makao ya serikali ya wilaya, na tangu hapo anayetafuta ofisi, duka kubwa au hakimu sharti ateremke.

Mteremko huo uliingia katika historia ya taifa mwaka 1945, wakati maelfu ya Wapare waliposhuka hadi Same na kupiga kambi wakipinga kodi iliyopangwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Wanawake nao walijiunga na mgomo huo, uitwao Mbiru, na kodi hiyo ilifutwa mwaka 1947. Mwanahistoria Isaria Kimambo, mwenyewe Mpare, ameueleza kwa kirefu.

Maji

Vijito vya mlimani ni vidogo. Maji yakiachwa yatiririke tu, huishia mferejini kabla ya kufika shamba la mbali. Wapare walilitatua jambo hilo kwa ndiva, yaani bwawa dogo la udongo na mawe linalojazwa usiku kucha na kufunguliwa asubuhi, ili maji yatoke kwa nguvu. Wakulima humwagilia kwa zamu, na anayetumia maji anapaswa kushiriki kuondoa tope na kuziba nyufa. Ndiva ya Manoo huko Bangalala hutegemea maji yanayotoka upande wa Vudee, kwa hiyo wa chini hawana budi kuelewana na wa juu. Kiangazi kikizidi, hapo ndipo ujirani hupimwa.

Mji wenyewe umeteseka kwa kiu miaka mingi, ingawa uko chini ya milima yenye chemchemi. Mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe haukutegemea chemchemi hizo, bali husukuma maji kwa pampu kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu.

Ujenzi na hatari

Kiwanja cha tambarare hakipatikani mlimani, hutengenezwa. Mjenzi huchimba upande wa juu, hujaza udongo upande wa chini, kisha huukinga kwa ukuta wa mawe. Kosa la kawaida ni kuusahau mfereji wa kuelekeza maji ya mvua nyuma ya nyumba. Udongo uliochimbwa wima na kuloa hauna pa kushika, hasa pale miti iliyokuwa juu yake imekatwa.

Mnamo Novemba 2009, baada ya mvua kubwa, ardhi iliporomoka katika kijiji cha Goha, eneo la Mamba Miamba, na kufukia nyumba. Watu wasiopungua 20 walifariki, wakiwemo watoto.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Kwenye bonde jembamba la Upare, mita 60 kila upande zinaweza kumeza shamba zima la familia, na mashamba yenyewe yamegawanywa kwa watoto kizazi baada ya kizazi. Ndiyo sababu katazo hilo, lililo jema, ni gumu kutekelezwa pasipo kwanza kumwonyesha mwananchi pengine pa kulima.

Maisha kati ya mlima na mji

Barabara nyingi za kupanda ni za udongo, nyembamba na zenye kona kali. Wakati wa masika magari hukwama, na mgonjwa au mama mjamzito huweza kubebwa kwa machela hadi panapopitika. Vijana wengi wamehamia Same, Moshi na Dar es Salaam. Hata hivyo, wengi wao hujenga nyumba ya matofali na bati kwao mlimani, ambayo hufungwa karibu mwaka mzima na kufunguliwa Desemba, au siku ya msiba, kwa kuwa marehemu bado hurudishwa kuzikwa kwenye ardhi ya ukoo.