Duka la Kijijini Katika Meru na Embu

Serikali ya Kiingereza ilipojenga boma Embu mwaka 1906, na Meru mwaka 1908, wafanya biashara wa Kihindi na wa Kiswahili waliifuata, wakafungua maduka karibu na boma. Mkulima wa mlimani aliyetaka chumvi, jembe au kipande cha nguo hakuwa na budi kwenda huko kwa miguu. Akifika alisimama mbele ya meza, akaonyesha kwa kidole alichokitaka. Bei aliijua mwenye duka, na mizani ilikuwa upande wake pia.

Kahawa ndiyo iliyolisogeza duka. Walowezi wa Kizungu walipinga sana Mwafrika asiilime, lakini katika miaka ya 1930 wakulima wa Meru na Embu walipata ruhusa. Fedha za mavuno zikaingia vijijini, na baada ya Vita Vikuu vya Pili wenyeji wengi, hata askari waliorudi, walifungua maduka yao. Hapo mnunuzi alisema lugha ya mama yake, akanunua sukari ya senti chache, akakopa mpaka kahawa ilipwe. (Mkopo huo, kwa kweli, umefunga maduka mengi.)

Mwaka 1967 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Leseni za Biashara, iliyowazuia wasio raia kuuza bidhaa nyingi na katika mahali pengi. Muuzaji akabadilika, meza ikabaki. Leo maduka mengi ya vijijini yamezidisha wavu wa chuma juu yake kwa kuogopa wezi, na mnunuzi, ajapolipa kwa simu, huipokea sukari iliyokwisha kupimwa asipoiona mizani.