Bei ya Gitaa Iko Kwa Karatasi

Wasee wa Kamakis, ukiona mtu anauza gitaa kuukuu la Kijapani, la nyuzi za nailoni, lililoundwa kwa mkono, halafu anaitisha laki kadhaa, usicheke kwanza. Chungulia ndani ya lile tundu. Utaona karatasi imebandikwa: jina la fundi, modeli, mwaka. Hiyo karatasi imebeba nusu ya bei.

Chukua Masaru Kohno, fundi wa Tokyo. Gitaa hili si la kwao, ni la Wahispania. Akaenda Uhispania kujionea wenyewe wanavyoliunda, akarudi. Mwaka 1967 akashinda mashindano ya mafundi wa magitaa kule Liège, Ubelgiji. Alichukua chombo cha wengine akakiandika jina lake.

Sisi pia tulikichukua. Ubelgiji huo huo ulikuwa bado unatawala Kongo mwaka 1952, wakati mtafiti Hugh Tracey alipomrekodi Jean-Bosco Mwenda akipiga "Masanga" mjini Jadotville, siku hizi Likasi. Kijana wa miaka ishirini na kitu, anaimba Kiswahili, gitaa moja linasikika kama mawili. Mwaka 1959 alikuwa Nairobi, ana kipindi chake redioni. Huku Magharibi mwa Kenya George Mukabi naye alikuwa anapiga omutibo, mwenzake kando anagonga chupa ya soda.

Sasa cheki: aliyemrekodi Bosco ni mtu wa nje. Aliyekaa chini akaandika mapigo ya vidole vyake noti kwa noti ni David Rycroft, msomi wa London, miaka ya 1960 ikianza. Ustadi ulikuwa wetu, karatasi ikawa yao.

Mimi niliacha chuo, sina cheti cha kutundika ukutani. Najua karatasi si kipaji. Lakini najua pia dunia husoma karatasi kwanza, na asiyeandikwa huuzwa bei ya kutupa.

Hapa kwetu jioni, nyama ikiwa motoni, kuna msee na gitaa lake anapiga mugithi mpaka usiku wa manane. Tunacheza, tunamtunza mia mbili, tunaenda home bila kujua anaitwa nani. Simu tunazo. Wikendi hii muulize jina, alifunzwa na nani, wimbo ni wa nani. Mrekodi, andika tarehe. Hiyo ndiyo karatasi yake.