Nani alipima samaki wa Ziwa Tanganyika?

Baraka, Fizi – Kila mara mvuvi wa hapa anapoambiwa apumzishe ziwa, anauliza: nani alipima?

Miaka 1946-1947 Wabelgiji walileta msafara wa wataalamu, akiwemo Max Poll, mjuzi wa samaki. Walikusanya samaki na kuwapa majina ya kisayansi. Maisha ya mvuvi hayakuwa kazi yao.

Mwaka 1992 FAO, kwa pesa za Finland, ilianzisha utafiti wa nchi nne: Zaïre (ndivyo tulivyoitwa wakati ule), Burundi, Tanzania na Zambia. Makao yalikuwa Bujumbura. Upande wetu kazi ilifanyika kwenye kituo cha CRH, Uvira. Machi 1995 walihesabu wavuvi wa ziwa zima kwa pamoja: karibu 45.000, katika sehemu karibu 800 za kushushia samaki. Maana ndagala na mikebuka hawajui mpaka. Ukihesabu upande mmoja tu, umejidanganya. Oktoba 1996 vita vikaingia Uvira.

Mwaka 2003 nchi hizo zilitia sahihi mkataba wa ziwa, Dar es Salaam. Mwaka huohuo watafiti wengine walionyesha kwamba joto linazuia maji ya chini, yenye chakula, kupanda juu. Kwa hiyo nyavu za macho madogo zina kosa, lakini haziko peke yake.

Ripoti za mradi ule ziliandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Mimi sijaona hata moja kwa Kiswahili, wala kwa Kibembe.