Mlango haujafungwa, haufungiki, haufungi

Mtafsiri wa kijitabu cha maelekezo anayekutana na mlango wa banda la gari uliogoma kushuka hulazimika kuchagua kauli ya kitenzi kabla hajafika kwenye nyaya na vyuma.

*Haujafungwa* (kauli ya kutendwa) hudokeza mtendaji: yupo aliyepaswa kuufunga mlango, na hajaufunga. *Haufungiki* (kauli ya kutendeka) huihamishia kasoro kwenye mlango wenyewe: reli imepinda au kebo imechomoka, na hata asukume nani, hautafika chini. *Haufungi* ni ya mazungumzo; fundi ataielewa, ila haimwelezi chanzo.

Tofauti hii ina uzito zaidi kwa milango ya mota. Nchini Marekani, mitambo ya kufungulia milango hiyo majumbani iliyotengenezwa tangu 1993 sharti iwe na kinga ya kuzuia mtu asibanwe. Kinga iliyozoeleka ni vihisi viwili vinavyotazamana, kimoja kila upande wa mlango, kwa kimo kisichozidi sentimita 15 hivi kutoka sakafuni. Mwali ulio kati yake ukikatizwa na ndoo au utando wa buibui, au kihisi kimoja kikigongwa kikapinda, mlango huanza kushuka kisha hurudi juu, au hautikisiki kabisa. Hapo mlango wenyewe hauna ila. Mtambo ndio unaokataa kuufunga. Vitufe vingi vya ukutani, vikibonyezwa na kushikiliwa, huushusha mlango hata mwali ukiwa umekatizwa. Ukishuka hivyo, *haufungiki* si neno lake.

Kosa hili si dogo. Anayeandika *haufungiki* mahali pa *mtambo hauufungi mlango* humpeleka msomaji kwenye reli, kebo na springi, ilhali alipaswa kupangusa vioo vya vihisi kwa kitambaa. Springi hizo hukazwa kwa nguvu kubwa, na asiye fundi akizilegeza zinaweza kumjeruhi vibaya.

Nomino nazo zina mitego. *Gereji*, kwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki, ni kwanza mahali pa kutengenezea magari; *mlango wa gari* ni ule wa gari lenyewe. *Banda la gari* huondoa utata. *Sensa* ni hesabu ya watu, hivyo *kihisi* kinafaa zaidi. *Shindika* na *rudishia* ni za mlango wa bawaba, unaosukumwa bila kutiwa komeo. Hazifai kwa mlango unaopanda darini.

Kiambishi *-ji-* kitumiwe kwa hadhari kubwa kuliko vyote. *Mlango unajifunga* hueleweka, lakini kinyume chake, *mlango unajifungua*, kitamchekesha msomaji, kwani *kujifungua* ni kuzaa. Husemwa: *mlango unafunguka wenyewe*.