Chatu wa Ziwa na Boa wa Kitabuni: Nyoka katika Hadithi za Watoto na Maarifa ya Wasukuma

Kwa mtoto wa Kamanga, mahali pa kivuko kati ya jiji la Mwanza na upande wa Sengerema, chatu si mnyama wa kubuni. Ana jina lake la Kisukuma, nsato, na huonekana akiwa hai mikononi mwa wacheza ngoma katika sherehe za Bulabo huko Bujora. Nyoka anayemkuta mtoto huyo vitabuni ana asili nyingine. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba masimulizi ya pwani na maarifa ya Usukuma yalimchukulia nyoka kuwa kiumbe wa kujulikana, mwenye sumu na dawa kwa pamoja, ilhali boa wa vitabu vya kigeni amekuja akiwa na ukubwa na tumbo tu.

Ushahidi wa pwani unapatikana katika mkusanyo wa Edward Steere, *Swahili Tales*, uliochapishwa London mwaka 1870. Humo wamo nyoka wawili wasiofanana. Katika hadithi ya Sultani Darai, nyoka mwenye vichwa saba anauawa na paa, na mali yake inachukuliwa. Huyo ni adui wa kawaida, na hana mengi ya kusema. Wa pili ni Sultani wa Nyoka katika kisa cha Hasibu Karimu Dini, kisa chenye mizizi katika Alfu Lela u Lela. Huyu anamkirimu kijana aliyetelekezwa shimoni na wenzake, kisha anamwomba jambo moja tu: asiingie hamamu. Kijana anaingia, mwili wake unamfichua, na mwenyeji wake anakamatwa ili nyama yake imponye mtawala mgonjwa. Hata akiwa anakwenda kufa, Sultani wa Nyoka anamfundisha Hasibu namna ya kuutumia mchuzi huo. Waziri anaunywa na kufa. Mtawala anaunywa na kupona. Mwenye kuvunja ahadi katika kisa hiki ni binadamu. George Bateman alikiingiza kisa hicho katika *Zanzibar Tales*, kitabu cha watoto kilichotoka Chicago mwaka 1901, na hivyo watoto wa Marekani wakampata nyoka mwungwana kutoka Unguja.

Usukuma haukuwa na kitabu cha namna hiyo, lakini ulikuwa na kuta. Chama cha Buyeye, ambacho wanachama wake walikamata nyoka, waliwacheza na kuwatibu walioumwa, kilichora nyoka, watu na viumbe wa masimulizi katika kuta za ndani za nyumba ya mafunzo. Hans Cory, mtaalamu wa elimujamii katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, aliandika juu ya chama hicho mwaka 1946, na mwaka 1953 akachapisha London kitabu kizima kuhusu michoro hiyo. Ni kweli kwamba Buyeye ilikuwa na siri zake, na haifai kuiita shule ya watoto. Hata hivyo, mchoro wa ukutani ulifanya kazi ambayo mchoro wa kitabu cha watoto hudai kuifanya: ulimwonyesha mwanafunzi nyoka ili amjue. Inasikitisha kwamba michoro iliyokusudiwa kufundishia Usukuma imebaki kusomwa zaidi kwa Kiingereza.

Boa mashuhuri kuliko wote katika vitabu vya watoto ni yule wa Antoine de Saint-Exupéry, aliyetokea kitabuni mwaka 1943 akiwa amemmeza tembo, na ambaye watu wazima walimdhani kofia. Kitabu hicho kimetafsiriwa kwa Kiswahili na kuchapishwa na Mkuki na Nyota kwa jina *Mwana Mdogo wa Mfalme*. Boa huyo mkubwa ni nyoka wa bara la Amerika na huzaa watoto hai. Chatu hutaga mayai, na jike huyazungushia mwili wake kuyalinda. Kwa hiyo kumwita boa chatu, ingawa kunarahisisha usomaji, kunampa nyoka wa ziwani tabia za mgeni, na zaidi tabia za mzaha, kwa kuwa hakuna chatu ammezaye tembo.

Jambo hili lina uzito zaidi Usukuma, kwa sababu huko kumeza watu na mifugo kulikuwa na mwenyewe. Katika ngano ya Masala Kulangwa, anayewameza watu wa nchi nzima ni Shing'weng'we, zimwi, hadi kijana anapomuua na kuwatoa. Pwani nako, mla watu wa mkusanyo wa Steere ni nunda, aliyeanza akiwa paka. Wasimulizi walimpa zimwi uzimwi wake, wakamwacha chatu awe chatu.

Tofauti hiyo si ya kifasihi tu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa, na linakadiria vifo kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani. Chatu hana sumu. Swila, koboko na kifutu wanayo. Mtoto anayechunga mbuzi vichakani karibu na ziwa anahitaji kuwatenganisha hao kwa kichwa, rangi na mwendo. Kitabu kinachowachora wote kwa mstari mmoja mnene wenye ulimi wa panda hakimpi hata kile ambacho ukuta wa Buyeye ulimpa mwanachama mpya.