Bei ya Mgeni: Miaka 10 ya Nauli Moja Kutoka Roissy

Mgeni anayetua Paris kwa mara ya kwanza hupita uhamiaji, akasubiri begi lake lizunguke kwenye mkanda, kisha akatoka. Mlangoni kabisa, katika uwanja wa Charles de Gaulle ambao wenyeji huuita Roissy, mara nyingi huwapo mwanamume asiye na sare wala kitambulisho, funguo za gari mkononi, akinong'ona: "Taxi? Taxi?" Hapayuki kama mpiga debe wa stendi. Ananong'ona kwa sababu anachokifanya ni kosa. Teksi zenye leseni hazina ruhusa ya kuwafuata abiria ukumbini. Hupanga foleni nje, na gari la mbele ndilo linalopakia.

Bango lenye bei liko hatua chache tu kutoka hapo. Tarehe 1 Machi 2026 bei hizo zilitimiza miaka 10. Siku kama hiyo mwaka 2016, nauli ya teksi kutoka Roissy hadi Paris ilikatwa moja kwa wote: euro 50 kwa anayekwenda upande wa kulia wa mto Seine, euro 55 kwa anayevuka kwenda kushoto. Kutoka Orly, uwanja wa kusini, hesabu iligeuzwa: euro 30 upande wa kushoto na 35 upande wa kulia. Iwe saa nane usiku au saa mbili asubuhi magari yamejazana barabarani, bei ni hiyo hiyo.

Bango hilo limeifanya bei moja ionekane kama uvumbuzi wa serikali ya kisasa. Ukweli ni kwamba Paris ilikuwa na bei ya namna hiyo tangu enzi za farasi, ikaiacha, ikairudia. Na katikati ya safari hiyo kuna maiti.

Biashara yenyewe ilianza karibu mwaka 1640, pale Nicolas Sauvage alipoanza kukodisha magari ya farasi kwenye nyumba iliyokuwa na picha ya Mtakatifu Fiacre. Watu wakayaita magari yale *fiacre*, na jina likadumu zaidi ya miaka 250. Kufikia karne ya 19 mji ulikuwa na maelfu ya magari hayo, na polisi ndio waliopanga nauli. Zilikuwa za aina mbili tu. Abiria alilipia safari moja ndani ya mji, iwe fupi au ndefu, au alikodi kwa saa. Mita haikuwapo. Hila za waendesha gari zilifuata mfumo ulivyo: aliyekodiwa kwa safari alimchapa farasi mbio, aliyekodiwa kwa saa akatembea kama anayesindikiza jeneza.

Vitabu vya kuongoza wasafiri, hasa vya Baedeker, vilichapisha jedwali la nauli hizo na kumwonya mgeni adai karatasi yenye namba ya gari kabla ya kupanda. Ndiyo iliyokuwa silaha yake pekee. Akizidishiwa bei, angeandika malalamiko polisi na kutaja namba, na mwendesha gari angeitwa. Utaratibu mzuri, mtu angesema.

Mwaka 1855 Paris ilikuwa na Maonyesho ya Kimataifa, ya kwanza kufanyika Ufaransa, na wageni walimiminika kutoka kila upande. Msimu kama huo kila mwenye gari anajua maana yake. Mmoja wao, Collignon, alimpakia bwana aliyeitwa Juge, mkuu wa chuo cha ualimu cha Douai, mji ulio kaskazini mwa nchi. Mwisho wa safari Collignon akadai zaidi ya nauli iliyopangwa. Juge akalipa, kisha akafanya kile ambacho abiria wengi hukitishia wasikitende: akaandika malalamiko.

Polisi nao wakatenda kazi yao. Wakamwita Collignon, wakamkuta na hatia, wakamwamuru amrudishie mteja ile ziada. Hapo ndipo penye kosa ambalo hakuna aliyeliona mapema: aliyedhalilishwa alitumwa mwenyewe, kwa miguu yake, hadi mlangoni kwa aliyemshtaki. Collignon alikwenda. Alikuwa na fedha mfukoni, na bastola pia. Akampiga Juge risasi na kumuua.

Huyu hakuwa jambazi wa barabarani. Alikuwa mwendesha gari aliyeamini kwamba abiria mwenye koti zuri na mwandiko mzuri amempokonya heshima yake kwa ajili ya vijifedha ambavyo mwenyewe asingevihisi mfukoni. Mahakama haikuchukua muda. Kabla mwaka haujaisha Collignon alikuwa amekatwa kichwa hadharani. Jina lake lilibaki mitaani. Kwa miongo mingi baadaye, abiria wa Paris aliyegombana na mwendesha gari alimtupia neno moja tu, "Collignon!", na kila aliyesikia alijua ni tusi la kiwango gani. Kumwita mtu jina la muuaji kwa sababu ya chenji ni ukatili, lakini linaonyesha jinsi watu walivyoliona gari la kukodi: mahali ambapo watu wawili wasiojuana wanafungiwa pamoja, mmoja anaijua njia, mwingine ana fedha.

Mita ilikuja kuondoa ugomvi huo. Mjerumani Friedrich Wilhelm Gustav Bruhn aliibuni mwaka 1891, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kufungwa kwenye magari ya Paris. Mwaka 1905 ikaanzishwa kampuni ya G7, iliyopata jina kutokana na herufi na namba iliyokuwa kwenye vibao vya magari yake, mengi yakiwa Renault mekundu. Wafaransa waliiita mita hiyo *taximètre*, wakaikata ikawa *taxi*, na neno likasafiri dunia nzima hadi likafika kwetu kama teksi. Kuna kichekesho hapa. Sisi tulipokea jina la mita bila mita yenyewe: Dar es Salaam na Nairobi, teksi nyingi zimefanya kazi miaka yote kwa kupatana bei dirishani, na mgeni asiyejua kupatana ameumia vilevile kama Juge.

Mita ilifanya kazi kwa uaminifu hata vitani. Mnamo Septemba 1914, Wajerumani wakiwa wamekaribia Paris, Jenerali Gallieni alikusanya teksi kama 600, watu watano kila gari, zikapeleka askari elfu kadhaa kuelekea uwanja wa mapambano wa Marne. Wanahistoria wanasema mchango wake kijeshi ulikuwa mdogo kuliko sifa zake. Kisichosahaulika ni kwamba mita ziliachwa zizunguke usiku kucha, na hazina ya serikali ikalipa bili ya zaidi ya faranga 70,000. Gari moja kati ya yale, Renault AG1, linaonekana hadi leo katika Makumbusho ya Jeshi pale Invalides.

Baada ya vita, usukani ulishikwa na wageni. Warusi waliokimbia mapinduzi ya 1917, miongoni mwao maofisa wa jeshi la mfalme, waliendesha teksi za Paris kwa miaka mingi. Mwandishi Gaito Gazdanov alikuwa mmoja wao. Aliendesha usiku, akaandika mchana. Mji uliokuwa ukilalamika kuwa wenye magari wanawaibia wageni sasa ulikuwa na wenye magari ambao ni wageni zaidi ya abiria wao.

Uamuzi uliozaa matatizo yote ya baadaye ulifanywa mwaka 1937. Katika mdororo wa uchumi teksi zilikuwa nyingi kuliko abiria, na serikali ikaweka ukomo wa magari 14,000. Kwa wakati ule ilikuwa huruma kwa madereva. Lakini ukomo ulibaki hata mji ulipokua na ndege zikaanza kuleta watu kwa mamilioni. Orly ikapata jengo lake kubwa mwaka 1961, Roissy ikafunguliwa Machi 1974 umbali wa kilomita kama 25 kaskazini mashariki ya katikati ya mji, na idadi ya teksi ikabaki inatambaa. Leseni ikawa bidhaa ya kuuziana. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2010, dereva aliyetaka kununua leseni ya Paris kwa mwenzake alilipa zaidi ya euro 200,000, mkopo wa kumfunga miaka na miaka. Mtu wa namna hiyo akipanga foleni saa nzima uwanjani kisha akapewa abiria wa hoteli iliyo jirani na uwanja, uso wake hauhitaji kufasiriwa.

Mwaka 2008 kamati iliyoongozwa na Jacques Attali ilipendekeza leseni ziongezwe kwa wingi. Madereva wakafunga barabara mwezi Januari na Februari, serikali ikarudi nyuma, wakashangilia. Desemba ya mwaka ule ule, Mmarekani Travis Kalanick na Mkanada Garrett Camp walikuwa Paris kwa mkutano wa teknolojia, na kama wenyewe wanavyopenda kusimulia, usiku mmoja walikosa teksi. Wazo la Uber, wanasema, lilitokana na mazungumzo ya safari ile. Huenda hadithi imetiwa chumvi kama hadithi zote za namna hiyo, lakini kwa tarehe zake inachoma: ushindi wa madereva na mbegu ya maangamizi yao vilipatikana katika mji mmoja, mwaka mmoja.

Yaliyofuata bado yako kwenye kumbukumbu za wengi. Tarehe 25 Juni 2015 madereva walizifunga njia za kwenda Roissy na Orly wakipinga UberPop, huduma iliyomruhusu mtu yeyote mwenye gari kubeba abiria. Matairi yalichomwa, magari yakapinduliwa, na abiria wakaonekana wakiburuta masanduku kandokando ya barabara kuu ili wawahi ndege. Mwanamuziki wa Marekani Courtney Love, aliyekuwa akitoka uwanjani, alieleza kwa hasira mtandaoni jinsi gari lake lilivyovamiwa, akasema Baghdad kungekuwa na usalama zaidi. Aliokolewa na watu wenye pikipiki. Siku chache baadaye, Julai 3, Uber iliisimamisha UberPop nchini Ufaransa.

Miezi minane baada ya moshi ule, bango la bei moja likatundikwa. Wazo hilo lilikuwa tayari katika mapendekezo ya mbunge Thomas Thévenoud ya mwaka 2014, ambaye jina lake lilipewa sheria mpya ya teksi. Yeye mwenyewe alipata uwaziri mwaka huo huo, akaupoteza baada ya siku tisa ilipobainika kwamba hakuwa akilipa kodi zake.

Kwa hiyo Paris haikumhurumia mgeni. Alikuwa akilia miaka na miaka, na vitabu vya safari viliandika kilio chake. Kilichowaamsha wahusika ni simu iliyomwonyesha abiria bei kabla ya kupanda. Teksi zilipaswa kumpa uhakika ule ule, au zimkose. Ndivyo ilivyokuwa kwetu pia, tangu Uber ilipoingia Nairobi mwaka 2015 na Dar es Salaam mwaka uliofuata: bei iliyokuwa siri ya dereva ikaanza kuonekana kwenye kioo cha simu, na vijiwe vya teksi vikalalamika.

Bei moja imemhamishia dereva hasara ya foleni. Zamani gari likikwama saa nzima kwenye barabara ya A1, mita ilikuwa inasoma na abiria anasonya. Sasa anayesonya ni dereva. Naye mnong'onaji wa mlangoni hajaondoka. Novemba 2018 dereva asiye na leseni aliwadai watalii wawili kutoka Thailand euro 247 kwa safari ya Roissy hadi mjini, akakataa kuwafungulia milango. Walimrekodi kwa simu. Video ikasambaa, naye akahukumiwa kifungo cha miezi 8 jela. Ni rahisi kuwacheka waliomfuata. Lakini mtu aliyekesha ndani ya ndege, asiyesoma Kifaransa, hatafuti bango. Anamfuata wa kwanza aliyemsemesha.

Nauli zenyewe zimepanda kidogo kidogo. Kufikia 2024 zilikuwa euro 56 kwa upande wa kulia na 65 kwa upande wa kushoto, na tofauti ya euro 5 ya mwanzo ikawa 9. Mstari wa kuzigawa umebaki ule ule, mto. Abiria anayeshushwa kando ya bustani ya Tuileries analipa bei ya chini. Anayeshushwa mbele ya makumbusho ya Orsay, ng'ambo tu, analipa ya juu. Kati ya sehemu hizo mbili kuna daraja la watembea kwa miguu ambalo tangu mwaka 2006 linaitwa kwa jina la Léopold Sédar Senghor, na mwenye begi la magurudumu hulivuka kwa dakika chache.