Pointi za Ligi Kuu Tanzania Bara, uchambuzi wa kitakwimu

Uchambuzi wa pointi za Ligi Kuu Tanzania Bara hulinganisha mavuno ya timu msimu kwa msimu. Katika ukanda wa Mtwara, toka Mikindani hadi mlango wa Mto Ruvuma, timu inayohusika zaidi ni Ndanda FC, Wanakuchele, waliocheza ligi hiyo misimu sita mfululizo, 2014/15 hadi 2019/20, nyumbani kwao pakiwa Uwanja wa Nangwanda Sijaona.

Ugumu wa kwanza ni idadi ya timu. Ndanda walipanda daraja ligi ikiwa na timu 14, maana yake mechi 26 kwa kila timu. Msimu wa 2015/16 timu zikawa 16 na mechi 30. Mwaka 2018/19 zikafika 20, mechi 38. Baadaye ligi ilipunguzwa: timu 18 mwaka 2020/21, kisha 16 tena kuanzia 2021/22. Kwa hiyo jumla ya pointi peke yake haifai kulinganisha timu za misimu tofauti. Kipimo cha haki ni wastani wa pointi kwa mechi.

Mfano ulio wazi ni wa mabingwa. Simba walitwaa ubingwa wa 2018/19 kwa pointi 93, jumla ambayo haiwezi kufikiwa kwenye ligi ya mechi 30, ambako kushinda zote huleta pointi 90. Lakini wastani wao ulikuwa 2.45 kwa mechi. Yanga wa 2021/22, waliomaliza bila kupoteza mchezo, walipata pointi 74 tu, na wastani wao ni 2.47. Wanaozitaja pointi 93 kama kilele cha soka la Bara wanasahau mechi nane za ziada. Wastani huohuo unaonyesha jambo zito zaidi: mwaka 2016/17 Yanga na Simba walilingana kwa pointi 68, sawa na 2.27 kwa mechi, Yanga wakatwaa kombe kwa tofauti ya mabao. Mwaka 2023/24 Yanga walihitimisha na pointi 80, wastani wa 2.67. Bingwa wa leo huachia pointi chache sana, na timu za mikoani ndizo zinazolipa gharama hiyo.

Tatizo kama hili lipo pia katika michezo inayopewa alama na majaji. Katika kuteleza kwa madaha kwenye barafu, kiwango cha kupima ubora wa kila kipengele kilipanuliwa mwaka 2018, kutoka kati ya −3 na +3 hadi kati ya −5 na +5. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo likazifungia rekodi za awali katika orodha ya kihistoria na kuanza hesabu upya. Ndiyo maana alama 330.43 za Mjapani Yuzuru Hanyu (2015) na 335.30 za Mmarekani Nathan Chen (2019) haziwekwi kwenye jedwali moja. Ni uamuzi wa busara, na watunza kumbukumbu za soka letu wangefaidika kuuiga kwa kutenganisha misimu ya mechi 26, 30, 34 na 38.

Kwa Mtwara, idadi ya timu iligusa pia mstari wa kushuka. Msimu wa kwanza wa Ndanda, timu mbili kati ya 14 zilishuka, karibu asilimia 14. Mwaka 2019/20, ligi ilipokuwa inapunguzwa kutoka timu 20 hadi 18, timu nne zilishuka moja kwa moja na mbili zikapelekwa kwenye mchujo. Hivyo timu sita kati ya 20, asilimia 30, zilikuwa hatarini. Ndanda walikuwa miongoni mwa zile nne. Msimu huohuo Namungo ya Ruangwa, mkoa jirani wa Lindi, ilimaliza ya nne ikiwa mgeni wa ligi. Kwa hiyo umbali wa kusini na safari ndefu, ambavyo hutajwa mara nyingi kama sababu, havitoshi kueleza anguko la Wanakuchele.